Uzinduzi wa Kitabu cha Tadea

Bibi Hedwiga alimlaza Tadea chali mapajani, akakikunja kiganja cha kushoto kando ya mdomo wa mtoto kama mfereji, na kwa mkono wa kulia akaanza kumimina uji wa muhogo. Ndivyo alivyolishwa yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Ndivyo alivyowalisha watoto wake, na wanawake wa rika lake pale Kihagara walifanya vivyo hivyo. Uji unajaa kiganjani, mtoto anapiga kelele, na katika kupiga kelele anameza.

Tadea hakupiga kelele. Alikuwa na miaka saba, na shingo yake ilikuwa bado ile ya mtoto mchanga. Uji uliingia, ukakaa, ukabubujika kooni kama maji yanayojaa chupa. Kisha akakohoa. Macho yalilengwa na machozi, vidole vikakakamaa, na kifuani ukaanza ule mkoromo ambao bibi aliusikia hata alipokuwa nje akianika dagaa.

"Pole, mke mwenzangu," alimwambia, akimfuta kidevu kwa upindo wa khanga. "Pole. Leo tunakifuata kile kitabu."

Mumewe, aliyewafanya wake wenza kwa kumwita mjukuu mkewe, alikuwa amekwisha kufa, lakini utani wake ulibaki ndani ya nyumba. Mama yake Tadea, Edina, alikuwa juu milimani, Umatengo, akichuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Alirudishwa na wakwe zake mtoto akiwa hajafika mwaka. Walisema kwenye ukoo wao hakuna kitu kama hicho. Bibi hakumlaumu Edina kwa kuondoka. Alikuwa akituma sukari, na kila mara alimtumia Tadea soksi.

Ugonjwa wenyewe bibi aliuelewa kwa njia yake. Katika hospitali kubwa daktari mmoja mwenye subira alimwonyesha picha ya kichwa cha mtoto. Alisema ubongo wa watu una mikunjo, kama nguo iliyokamuliwa, lakini wa huyu ni laini, haukujikunja. Ni jambo la nadra sana. Bibi aliitazama ile picha akakumbuka mawe ya ufukweni, yale meupe ambayo ziwa limeyasugua mpaka hayana pa kushika. Tangu siku hiyo, alipompapasa Tadea kichwani, alimpapasa taratibu kuliko mwanzo.

Kilichomtisha hakikuwa kichwa. Kilikuwa kifua. Kilijaa mara ya kwanza wakati wa kupanda muhogo, kikajaa tena wakati wa mvua. Ottilia, muuguzi wa zahanati, alikaa na mtoto mpaka pumzi ikatulia, bila hata kwenda kula.

"Chakula kinapita njia ya hewa, bibi," alisema. "Kifua kikijaa mara ya tatu sijui kama atakiweza."

"Sasa nimlisheje?"

Ottilia alimfunika mtoto vizuri. "Nisikudanganye. Mimi nilifundishwa kumpa dawa, sikufundishwa kumlisha mtoto wa namna hii. Lakini wale wa mradi wanaandika kitabu. Cha familia zenye watoto kama Tadea. Kulisha, kuogesha, degedege, kila kitu kimo. Kwa Kiswahili."

"Kitatoka lini?"

"Kikishazinduliwa."

Watu wa mradi walikuwa wamekwisha kuja kumpiga Tadea picha. Walimkalisha juu ya kitenge kipya walichokuja nacho wenyewe, na alipovuta midomo, kama anavyofanya kabla ya degedege, mpiga picha alishangilia kwamba mtoto ametabasamu. Huo ulikuwa mwaka jana. Kitabu kilikuwa kimechapwa. Kilikuwa kinangoja siku ya mgeni rasmi, na siku ya mgeni rasmi ilikuwa imeahirishwa mpaka bibi akaacha kuuliza.

Leo honi ililia nje. Dereva wa mradi, Wendelin, aliteremka mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbele hapa. Nyuma barabara itamrusha mtoto."

Gari lilipopanda milima na ziwa likabaki chini kama sahani ya bati, baridi iliingia. Wendelin alivua koti lake akamfunika nalo Tadea, akaendesha njia nzima mpaka Mbinga na mikono yake ikiwa imesimama vinyweleo. Bibi aliliona hilo akaliweka moyoni.

Ukumbi uliokodiwa ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya bluu na vyeupe. Ukutani palitundikwa bango, na kwenye bango alikuwepo Tadea, mrefu kuliko mlango, akivuta midomo. Chini yake paliandikwa: SOMA, UMLEE. Kila aliyeingia alivaa fulana yenye picha ileile. Wazee, wanakwaya, maofisa, wapishi. Tadea alikuwa juu ya kila tumbo.

Mratibu wa mradi, Florian, alimpa bibi fulana yake, akamvuta pembeni kwa upole.

"Bibi, baada ya mgeni rasmi kukukabidhi kitabu, utatoa ushuhuda. Mfupi tu. Sema kitabu hiki kimekusaidia sana kumlea mjukuu wako."

"Lakini sijakisoma, baba."

"Utakisoma."

"Basi niseme kitanisaidia."

Florian alicheka kidogo. "Ushuhuda wa kesho nani ataupigia makofi, bibi? Sema kimenisaidia. Wafadhili wanataka kuona matokeo."

"Na kitabu nitapewa kweli?"

"Atakupa mgeni rasmi mwenyewe. Mkononi. Watu wote wakiona."

Bibi Hedwiga aliungama dhambi zake Jumamosi iliyopita, na sasa alijiona akitenda nyingine akiwa na akili timamu. Akamtazama Tadea. Mkoromo ulikuwa ukisikika hata ndani ya kelele za spika.

"Nitasema," alisema.

Akasema. Utepe ulikatwa, vigelegele vikapigwa, kamera zikamulika, na kitabu kikatua mkononi mwake, chepesi, kikinukia wino. Alisema kimemsaidia sana. Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alimshika bega akasema akina mama kama huyu ndio jeshi letu. Kisha bibi akarudishwa kwenye kiti chake, mstari wa mbele, na hotuba zikaanza.

Alimweka Tadea kifuani, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza.

Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, na kitu alichosoma siku zote kilikuwa kitabu cha sala. Kitabu cha sala hakirukwi. Kwa hiyo aliweka kidole chini ya neno la kwanza akaanza, midomo ikicheza. Dibaji ilikuwa na picha ya mgeni rasmi. Aliisoma yote. Baadaye palikuwa na neno la mkurugenzi wa mradi, nalo akalisoma. Baadaye shukrani: kwa walioshiriki warsha ya kwanza, walioshiriki warsha ya pili, walioshiriki warsha ya kupitia yaliyosemwa katika warsha mbili zilizotangulia. Kidole kilitembea juu ya majina ya watu ambao hawakuwahi kumshika Tadea. Jukwaani aliinuka msemaji mwingine, akaketi, akainuka mwingine. Kwaya iliimba. Bibi alifika kwenye malengo ya kitabu, na alama za wafadhili, na namna kitabu kitakavyotumika.

Alipofungua tena alikuta mchoro.

Mwanamke amekaa kitini. Mtoto kakaa mapajani mwake, wima, mgongo kwenye kifua cha mama, kidevu kimeinama. Bibi alikisogeza kitabu karibu na macho. Akasoma.

*Usimlaze mtoto chali wakati wa kumlisha. Usimmiminie. Mkalishe wima. Kidevu kiinamie kifuani kidogo. Kikielekea juu, chakula huingia kwenye mapafu. Mpe chakula kizito, kijiko kidogo, na ungoje mpaka ameze.*

Aliirudia mistari hiyo. Kiganja chake cha kushoto, kile cha kukunja kama mfereji, kilikuwa chini ya kitabu, akakihisi kizito kama si chake. Karibu miaka saba. Asubuhi na mchana na jioni. Hakuna aliyemwambia, na maneno yenyewe yalikuwa machache hivi.

"Wima," alinong'ona kwenye nywele za Tadea, akamkalisha vizuri. "Kumbe wima, mke mwenzangu."

Akaendelea. *Mtoto akipaliwa, acha kumlisha mara moja. Usimpe maji. Usimtie kidole mdomoni. Usimlaze. Badala yake* — na hapo ukurasa ukaisha.

Alilowesha kidole ili afungue. Kitabu kikapanda juu, kikatoka mikononi mwake.

"Samahani, bibi," Florian alisema. Kwapani alikuwa na vingine. "Tunavikusanya."

"Si nimepewa, baba?"

"Umekabidhiwa, bibi. Hivi ni vya uzinduzi. Kesho vinazinduliwa kwingine. Vya wananchi vitachapwa bajeti ikipatikana."

"Nipe nimalizie mstari mmoja. Hapo hapo tu, nyuma ya karatasi."

"Ratiba imeshatubana. Mgeni rasmi hajala." Aliinama, sauti ikawa ya siri. "Fulana ni yako kabisa. Hiyo hatuichukui."

Akapita kwa wengine. Mama mmoja kutoka kijiji cha Ruanda, aliyekuja na kijana wake mwenye degedege, alikitoa chake. Alikuwa bado hajakifungua.

Nyuma ya ukumbi chakula kilipakuliwa chini ya turubai. Mpishi mmoja, Hilda, alimwona bibi akizunguka na mtoto, akamvutia kiti chake mwenyewe.

"Huyu hawezi pilau, eti?"

"Hawezi, mwanangu. Ungekuwa na kitu kizito, laini."

Hilda aliponda viazi kwenye bakuli, akatia mchuzi kidogo, akaponda tena mpaka vikakosa hata punje ya kukwama. Akaleta kijiko cha chai, akakifuta kwa aproni. Bibi Hedwiga alimkalisha Tadea wima, mgongo kwenye kifua chake. Akakiinamisha kile kidevu kidogo. Kijiko kikaingia. Alingoja. Koo la mtoto lilipanda, likashuka.

Hakuna kikohozi.

Kijiko cha pili. Akangoja. Koo likapanda, likashuka. Tadea alifungua mdomo mwenyewe kuomba cha tatu, kitu ambacho bibi hakuwa amekiona tangu mtoto huyo azaliwe.

"Anajua kula huyu," Hilda alisema.

"Anajua," bibi alijibu. "Alikuwa anajua siku zote."

Hapo ndipo msafara wa mgeni rasmi ulipopita kuelekea kwenye magari, na mpiga picha akaona mtoto wa bangoni akilishwa.

"Mheshimiwa, hii itapendeza sana. Picha moja na kijiko."

Mgeni rasmi alicheka, akachuchumaa. Kijiko kilimtoka bibi mkononi kama kitabu kilivyomtoka. Mtu mmoja alisogeza sahani ya pilau, maana viazi vilivyopondwa havionekani vizuri kwenye picha, na mgeni rasmi akachota, kijiko kikajaa.

"Uso hauonekani," mpiga picha alisema. "Inueni kidevu."

Mkono wa mgeni rasmi, mkono laini uliokuwa ukinukia sabuni, ulikishika kidevu cha Tadea ukakiinua.

"Mheshimiwa," bibi alisema. "Kidevu kiwe chini. Kitabu kinasema."

"Bibi," Florian alimnong'oneza kwa nyuma, "mgeni rasmi anamlisha mjukuu wako."

Angeweza kuupiga ule mkono. Ulikuwa karibu. Lakini maisha yake yote alikuwa amesimama mtu mkubwa anapoingia, ameketi anapoambiwa keti, na mkono wake wenyewe haukujua njia ya kwenda huko. "Naomba, baba," alisema tena, taratibu, na kijiko kikaingia, na kamera ikamulika.

Tadea hakukohoa. Angekohoa ingekuwa nafuu. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Macho yalikua, vidole vikafunguka kama majani, na midomo ikaanza kugeuka rangi ya zambarau.

Mgeni rasmi alisimama haraka akafuta mikono kwa leso. "Mpeni maji," alisema. "Hebu msaidieni mama." Watu wake walikuwa wamekwisha kumfungulia mlango wa gari.

"Maji!" Florian alimpa bibi chupa.

"Hapana maji," bibi alisema, akaisukuma.

"Mtie kidole," mtu mmoja alisema.

"Hapana kidole."

"Mlaze basi, bibi, mlaze chali apate hewa."

"Hapana. Asilazwe."

"Sasa tufanyeje?" Hilda aliuliza, akiwa amepiga magoti, bakuli la viazi limepinduka.

Bibi Hedwiga aligeuza shingo. Wendelin alikuwa akipakia masanduku ya vitabu, hajui kilichotokea, na alipopigiwa honi na gari la mbele aliruka kwenye usukani akaufuata msafara. Kwenye kioo cha nyuma sanduku moja lilikuwa halijafungwa vizuri. Kitabu cha juu kabisa kilitazama nje, na juu yake Tadea alikuwa akivuta midomo. Gari likakunja kona.

Watu waliwazunguka. Fulana na fulana na fulana, zote na uso mmoja, na katikati yake uso wenyewe, uliokuwa ukizidi kuwa mweusi.

"Badala yake," bibi alisema.

"Unasemaje, bibi?"

"Badala yake." Alikuwa amemshika mtoto wima, kidevu chini, kama ilivyoandikwa. Kidole chake cha kusomea kilitembea juu ya mgongo ule mdogo, pole pole, kikifika mwisho kikirudi mwanzo wa mstari, na midomo yake ilikuwa ikicheza. "Badala yake. Badala yake."