Posa ya Kadi ya Bluu

Mtu ambaye hajawahi kudaiwa hata senti moja tangu azaliwe, atathibitishaje kwamba ni mlipaji mwema?

Atuganile alilikodolea macho swali hilo katika ukurasa wa tatu wa fomu ya kukodi chumba, ambako lilikuwa limechapwa kwa maneno yenye adabu zaidi: "Taja watu au kampuni tatu zinazokudai." Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu katika chuo kikuu cha Durban, na alikuwa amelelewa Tukuyu na baba aliyeamini kwamba deni ni kokoto ndani ya kiatu. Akaandika "Hakuna" kwa mwandiko wake mzuri, akaona fahari kidogo, akamrudishia fomu wakala wa nyumba.

Wakala, bwana mmoja mwenye tai yenye picha za farasi, alilisoma neno lile kama mtu anayeonyeshwa kidonda.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa, bwana."

"Hata kabati? Hata viatu vya dukani?"

"Nilinunua kwa fedha taslimu."

"Pole sana, binti. Ungekuwa na deni, hata kama ungechelewa kulipa kidogo, ningejua wewe ni mtu wa namna gani. Sasa sijui." Akagonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Humu ndani hujazaliwa bado. Niletee taarifa za kadi ya mkopo za miezi sita, zisizo na doa, nami nitakupa ufunguo. Usiogope kupitwa. Chumba kipo ghorofa ya nne, lifti imekufa, na chini yake wanakaanga kuku mchana kutwa. Nani mwingine atakitaka?"

Atuganile alikitaka kuliko kitu chochote, wala hakukitaka kwa ajili ya kulala. Kila Jumanne wanawake kumi na mmoja, Warundi na Wakongo, walijibana katika jiko la nyumba yake ya kupanga huko Greyville ili wajifunze kusoma na kuandika Kiingereza. Ubao wao ulikuwa mlango wa jokofu. Wiki iliyopita msimamizi wa jengo alikuwa amesema kwamba akiuona tena mkusanyiko ule baada ya mwaka huo wa 1998 kwisha, mwalimu na jokofu lake watatoka pamoja.

Jioni hiyo akamsimulia Gloriose, Mrundi msusi wa nywele aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja na ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

"Mais, Atu, hiyo iko kitu ya ajabu," Gloriose alisema. "Kwetu mutu ya madeni tunamukimbia. Huku wanamutafuta?"

"Wanamtafuta na kumpa ufunguo."

"Eish! Basi kaka yangu mukubwa Alain angekuwa na hoteli."

Habari haikulala ndani. Jumapili iliyofuata sebule ya nyumba ile ilijaa Watanzania wenzake, na kwa kuwa Watanzania hata wakitaka kununua ndoo huunda kamati, kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa Mzee Protas, fundi saa, aliyekwisha kuwa mshenga katika ndoa kumi na moja, na tisa kati ya hizo zilikuwa bado zinapumua. Mweka hazina akawa Sultan, mzaliwa wa Tanga, muuza mikanda katika ufukwe wa South Beach. Gloriose akafanywa katibu ili apate mazoezi ya kuandika.

"Ndugu wajumbe," Mzee Protas alianza, "benki inataka kusema mbele za watu kwamba inamwamini binti yetu, katika raha na dhiki, na kila mwezi itamletea barua. Hiyo si posa ni nini? Basi tusikurupuke. Tuwachunguze wachumba."

Atuganile alikuwa ameleta vipeperushi vitatu vya kadi za mkopo kutoka chuoni. Vikalazwa juu ya kitenge, kimoja kimoja, kama picha za vijana.

Wa kwanza alikuwa kadi ya dhahabu. Alidai mshahara wa randi elfu tano kwa mwezi.

"Huyu anajisikia," alisema Sultan, lakini macho yake hayakubanduka pichani.

Wa pili alikuwa kadi ya duka la nguo. "Huyu mulango wake ni mumoja tu," Gloriose akasema. "Ukiwa na njaa, utakula suruali?"

Wa tatu, wa benki ile ile ya kadi ya dhahabu, alikuwa kadi ndogo ya bluu ya wanafunzi, ukomo wake randi mia tano. Sultan akamhurumia: "Maskini, huyu amekuja kwa miguu."

"Samahani, Mzee," Atuganile akasema. Alikuwa amepiga mistari kwenye daftari: riba, ada ya mwaka, siku za kulipa bila riba. "Nadhani tuanze na riba."

"Riba, mwanangu, ni tabia. Utaiona mkishaishi pamoja."

"Ndiyo maana nataka kuijua kabla, Mzee."

Mzee Protas akamtazama kwa upole anaostahili mtoto, kisha akaiongoza kamati nzima hadi kwenye simu ya mtaani, akapiga namba ya bure iliyokuwa nyuma ya kipeperushi. Kwa Kiingereza cha taratibu alimuuliza dada wa benki kama katika ukoo wao kuna ugonjwa wa kurithi. Dada akajibu kwamba afya ya benki ni njema. Je, hurudi nyumbani saa ngapi? Hufunga saa tisa na nusu alasiri. "Hurudi mapema," Gloriose akaandika, akalipigia neno hilo mstari.

Kwa kuwa benki haitembei kwenda kuposa, Ijumaa wakaenda wenyewe. Sultan alivaa suti na mikanda miwili, mmoja wa kushikilia suruali na mmoja wa kutangaza biashara. Mzee Protas alitangulia, amejifunga saa tatu kwenye mkono mmoja. Gloriose alibeba barua ya posa aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza, imefungwa katika leso nyeupe pamoja na kishika uchumba cha randi mia tano, kilichochangwa na wanakamati na wale wanawake kumi na mmoja wa Jumanne. Atuganile aliifuata familia yake mpya akiiomba ardhi ipasuke, lakini sakafu ya benki ilikuwa ya marumaru imara.

Ofisa aliyewapokea alikuwa kijana wa Kizulu mwenye miwani. Akaifungua leso. Akaisoma barua, ambamo ukoo wa Atuganile wenye wanafunzi, walimu na fundi mmoja wa saa uliomba uhusiano wa kudumu na ukoo wa benki. Atuganile akafumba macho akingoja kicheko.

Hakikuja. Ofisa aliifunga leso upya, akasimama, akasema kwa ukali kidogo, "Wazee wangu, kwetu Wazulu wajumbe wa posa hawapokelewi hivi. Hamjasimama hata nje!"

Akawatoa. Walisimama juani kando ya mlango robo saa nzima, huku mlinzi akiwauliza wanatoka wapi na wamefuata nini, na Mzee Protas akijibu kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amekutana na watu wastaarabu. Walipoitwa ndani walikuta viti vimepangwa, na meneja wa mikopo ameketishwa pembeni bila kujua kwa nini, akitambulishwa kama mjomba.

"Zilizo ndani ya leso ni za kufungua mdomo, ili mazungumzo yaanze," ofisa alisema, akizihesabu. "Mdomo wa benki umefunguka. Njia ni mbili. Ya kwanza, mia tano hizi zikae kwetu kama dhamana, nasi tumpe binti kadi ya bluu, atumie hadi mia tano."

Mzee Protas akainua kidole. "Yaani mnamkopesha fedha yetu?"

"Ndiyo, baba."

"Na tuwashukuru?"

"Mkipenda. Na akichelewa, atalipa riba."

"Mshikaji," Sultan alimnong'oneza Gloriose kwa heshima kubwa, "hawa ndio wafanyabiashara. Sisi tunacheza."

"Njia ya pili," ofisa akaendelea, "ninyi nyote mtie sahihi ya kumdhamini. Hapo mjomba anaweza kutoa kadi ya dhahabu, randi elfu kumi, na kila aliyetia sahihi akapata kadi yake ndogo katika akaunti hiyo hiyo."

Viti vitatu vikasogea mezani.

"Mikanda gunia zima," Sultan akasema kwa sauti ya sala.

"Mimi nachukua mashine ya kukausha nywele," Gloriose akadakia. "Atu, na wewe unapata chumba yako. Iko sharp, iko muzuri!"

Mzee Protas hakutaka kununua chochote. Alitaka tu aibandike kadi yake kwenye kioo cha duka. "Tutaizungusha kama upatu," aliamua. "Mwezi huu anadaiwa huyu, mwezi ujao anadaiwa yule."

"Na mmoja akichelewa?" Atuganile akauliza.

"Humu ndani," ofisa akaigonga kompyuta yake, "mwenye kadi ni mmoja. Jina litakalochafuka ni lako."

"Dada, kula peke yako tulishasikia," Sultan akasema. "Sasa unataka na kudaiwa peke yako? Huo ni uchoyo wa namna gani?"

Watu wa foleni wakacheka, lakini neno lile lilimchoma Atuganile. Aliamini katika kugawana kama wengine wanavyoamini katika dawa. Muhula uliopita alikuwa ameandika kurasa ishirini juu ya jambo hilo. Akazitazama jozi zao tatu za macho, zenye njaa na mapenzi. Kisha akaiona barua juu ya meza. Herufi R zilikuwa zimetazama nyuma, zote, kama ng'ombe wanaokataa kuvuka mto. Miezi minane iliyopita mkono ule wa Gloriose haukuweza kuandika hata neno moja la Kiingereza. Upatu ukivunjika hulaumiwa watu wote. Kadi ikichelewa kulipwa, kitakachofungwa ni mlango wa darasa la ghorofa ya nne.

Mzee Protas akasafisha koo. Desturi ilimbana, maana hakuna posa inayokamilika kabla ya mwenyewe kuulizwa. "Haya, binti yetu. Wachumba umewaona. Unasemaje?"

Atuganile akasimama, akawageukia wote, pamoja na mjomba.

"Nimechagua kadi ya bluu, kwa jina langu peke yangu," alisema. "Itanunua chaki na madaftari tu, nami nitailipa yote kila mwisho wa mwezi. Hizi mia tano nitamrudishia kila mmoja sehemu yake kutoka katika mshahara ninaolipwa kwa kupanga vitabu maktaba ya chuo. Darasa ni Jumanne saa kumi na moja, jikoni, mpaka miezi sita itimie na tupate ufunguo."