Zamu ya Maji ya Theodora

Basi la Babati lilikuwa limeshaipita Bomang'ombe, na mimi nimeshavua viatu na kuvisukuma chini ya kiti, simu ilipoita. Mtu akivua viatu kwenye basi ujue ameshaondoka. Alikuwa dada yangu Theodora. Hakunisalimia. Alisema majani ya chini ya mipapai yamekuwa ya njano, na jua likipanda yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Nikamwuliza kama ni mti mmoja au yote. 

"Huu wa karibu na njia ndio mbaya," akasema. "Lakini sasa hivi nikiiangalia mingine naona nayo ni hivyohivyo. Sijui ni macho yangu."

Nikavaa viatu. Konda akaniuliza kama nimesahau mtoto nyumbani, abiria wakacheka. Nikashuka njia panda ya KIA, nikavuka barabara na begi langu, nikasimama upande wa kurudi Moshi. Juu mlima ulikuwa umefunikwa wote, na wingu lilikuwa likishuka kuelekea kwetu Uru. Vuli ilikuwa imeanza. Siku nyingine ningeifurahia mvua ile. Siku hiyo nilitamani inyeshe kwingine.

Kwa mtu mwingine mpapai ni mpapai tu, ukifa unapanda mwingine. Kwa Theodora haikuwa hivyo. Mumewe alifariki, na shemeji zake wa kule Mkuu wakamwonyesha njia ya kuondoka kwa maneno mazuri ya kanisani. Akarudi kwetu. Kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, sasa kinasimamiwa na Aristides, mtoto wa kaka yetu mkubwa, ambaye naye ni marehemu. Aristides si kijana mbaya. Ana duka la vipuri mjini, na mwisho wa juma hupanda kuangalia migomba yake. Ukoo ukakaa, ukampa Theodora pembe moja ya chini iliyokuwa kichaka. Wakasema alime, na Krismasi, watu wote wakirudi nyumbani, wataikagua. Wakikuta kitu, pembe ni yake mpaka afe. Wasipokuta kitu, Aristides atajenga pale banda la ng'ombe, na shangazi yake atatafutiwa chumba mjini.

Chumba mjini. Theodora hulitaja neno hilo kama jina la ugonjwa.

Migomba na kahawa alikatazwa kupanda, kwa kuwa hayo ni mazao ya mwenye kihamba. Mchicha alikuwa nao, lakini mchicha hauonekani kutoka njiani. Alitaka kitu kinachosimama, mjomba na binamu wakipita wakione bila kuinama. Ndipo nikamletea mbegu za mapapai kutoka Chekereni. Nililinda mpunga kule miaka kadhaa, na nyuma ya kibanda changu palikuwa na mipapai iliyozaa mpaka nikaichoka. Tulizisugua mbegu kwa majivu ziishe ule utelezi, tukazianika kivulini, tukaziotesha kwenye pakiti tupu za maziwa. Miche ikaenda shambani. Ilipotoa maua nikang'oa madume, nikabakiza moja la kuhudumia majike. Aristides alicheka siku ile mpaka akakaa chini.

"Baba mdogo, hata kwenye miti mwanaume amebaki mmoja?" akasema. Tena akasema mapapai ni ya watu wa tambarare, huku kwetu yatapata mafua.

Hayakupata mafua. Kufika Novemba kila jike lilikuwa limebeba matunda mabichi yaliyobanana shingoni mwake, makubwa kama vichwa vya watoto. Nikaona kazi yangu imekwisha, na miguu yangu haijui kukaa mahali kazi ikiisha. Nikaaga.

Nilipofika jioni ile nilimkuta Theodora amesimama katikati ya bustani na khanga kichwani, mvua nyepesi inamnyeshea.  Alinielekeza kwa kidole.

Niliona kosa kabla sijaweka begi chini. Wiki mbili nilizokaa Bomang'ombe nikiaga ndugu kabla ya kupanda basi, alikuwa ameitunza mipapai kama mama alivyotufundisha kutunza migomba. Kila mti alikuwa ameuchimbia beseni pana, akarundika samadi na vipande vya magogo ya mgomba mpaka kufunika sehemu ya chini ya shina. Mgomba unapenda hivyo. Mgomba ukiuwekea maji miguuni unakushukuru. Ndani ya yale mabeseni maji yalikuwa yamesimama.

Nikachutama kwenye mti ule wa karibu na njia, nikaondoa samadi, nikabonyeza shina kwa kidole gumba. Kidole kikaingia. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kiazi kilichosahaulika jikoni. Nikafukua kidogo pembeni. Mizizi midogo ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ganda linabaki mkononi.

Nilimweleza Theodora kwamba mti huu haunywi kama mgomba. Unataka udongo unaopitisha maji na kuyaacha yaende zake. Maji yakikaa chini yake, mizizi inakosa pumzi, inaoza, na majani ndiyo ya kwanza kutoa taarifa. Huu wa njiani umekwenda. Mingine huenda bado. Tuondoe hii samadi yote shinani, tufukie mabeseni, tuinue udongo kuzunguka kila mti. Halafu asiipe maji hata tone mpaka vuli iishe.

Hapo akanigeukia.

"Kesho ni zamu yangu ya mfongo," akasema.

Sisi kwetu maji hushuka kutoka mlimani kwa mifongo, mifereji waliyoichimba babu zetu, na kila mwenye shamba ana siku yake ya kuyafungulia. Mzee Primus ndiye msimamizi. Ukiwepo, anakufungulia. Ukisema leo sihitaji, anampa anayefuata, na ukisema hivyo tena na tena anayefuata anakuwa ndiye mwenyewe. Ndiyo maana utaona mtu wa kwetu amesimama kwenye mvua kubwa, jembe mkononi, anapokea maji asiyoyataka. Asiyepokea maji hana shamba. Na ukoo ukikaa Krismasi, mtu wa kwanza kuulizwa ni Primus.

Nikamwambia akose mara moja tu, haitaleta neno.

"Aristides ameshamwuliza Primus kama ninapokea," akasema. "Unadhani anauliza kwa kupenda kujua?"

"Sasa unataka miti au unataka zamu?"

"Vyote viwili ni kitu kimoja, kaka. Wewe hujawahi kunyimwa mahali. Wewe ndiye unayepaacha."

Nikainamia samadi. Tulifanya kazi mpaka giza likatukuta. Tuliondoa samadi kwa mikono tusichubue mashina, na kila shina nililibonyeza. Mengine magumu. Mengine, sijui, kidole changu kilikuwa kimeshapata woga, kiliona ulaini kila mahali. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande. Kila mvua ilipoongezeka juu ya bati nilisikia Theodora akigeuka upande wa pili wa ukuta.

Asubuhi nilimkuta ameshatoka. Alikuwa amesimama mwisho wa bustani, upande wa chini, penye mstari wa masale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mpakani. Ng'ambo ya mstari ni migomba ya Aristides, na baada ya migomba ni korongo.

"Maji yakikatiza hapa," akasema, "yatashuka kwenye migomba yake, halafu korongoni. Nitakuwa nimepokea, na hayatakaa."

Nikasema ni kweli, lakini ng'ambo ile si yake. Tumpigie Aristides, tumwombe.

Akatikisa kichwa. Alisema Aristides akiombwa atasema subirini nije nione, na akija maji yatakuwa yameshaijaza bustani. Au atakataa. "Akikataa, basi. Isale haiombi ruhusa. Isale inaomba msamaha, na msamaha ni wa kosa ambalo limeshafanyika."

Nilimwangalia. Mkononi alikuwa na jani moja la isale, amelikata vizuri kwenye kikonyo. Kwetu mtu akikuletea jani hilo kwa mikono miwili, huwezi kukataa kumsamehe. Wazee walisema hata damu imewahi kunyamazishwa na jani hilo. Na Theodora alikuwa amelikata kabla ya kushika jembe.

Tukachimba. Mfereji ulipita katikati ya mchicha wake uliokuwa tayari kuvunwa, akaukata bila kuutazama. Mpakani aling'oa shina moja la isale na mizizi yake, akalipanda pembeni kwa heshima, kisha akaingia kwenye migomba ya mtoto wa kaka yake. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisikiliza kila gari la njiani. Ilikuwa Jumamosi. Aristides angekuja, hilo halikuwa swali.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Primus, na koti lake refu na fimbo. Nikampa shikamoo, kwani ananizidi. Akaangalia mfereji, akaufuata kwa macho mpaka penye pengo la masale, akarudisha macho polepole.

"Unapokea, hupokei?" akamwuliza Theodora.

"Napokea."

Akaenda hadi kwenye banio, pale mfongo unapozibwa, akaondoa mawe na magome ya mgomba. Maji yakaja yakiwa na rangi ya chai, yakisukuma majani mbele yake. Yalifika kwenye bustani yakasita. Halafu yakapinda kushoto, kuelekea mpapai wa pili, ule uliobeba kuliko yote. Theodora akapiga magoti kwenye tope, akaweka mkono wake wote kama ukuta. Mimi nikatupia udongo. Maji yakapanda mkononi mwake, yakaonja njia, yakarudi kwenye mfereji. Yakapita mpakani. Tukayasikia yakiingia kwenye migomba.

Ndipo gari likasimama juu.

Aristides aliteremka, akasikia maji yanakolia, akaja moja kwa moja. Aliona pengo la masale, akaona migomba yake imesimama kwenye maji ya mtu mwingine. Uso ulimvimba. Alianza na mimi, akasema anajua nani huja na mawazo na nani huachiwa kuyalipia. Nilikubali, maana si uongo wote. Kisha akamgeukia shangazi yake, na Theodora alikuwa ameshasimama, tope mpaka kwapani, jani la isale kwenye mikono miwili.

Aristides akafunga mdomo. 

"Shangazi, hilo jani umelikata lini?"

"Asubuhi."

"Kabla ya kuchimba?"

"Kabla."

"Kwa hiyo ulijua unakosea."

"Nilijua. Ndiyo maana nikalikata."

Akamtazama Mzee Primus. Primus alikuwa akiutazama mlima, ambao haukuonekana.

"Na mimi nikilikataa?" Aristides akauliza, kwa sauti ya chini.

 Theodora alilisogeza jani mbele, karibu na kifua chake.  Aristides alizaliwa pale, na kubatizwa, na baba yake alizikwa chini ya migomba ile. Alilitazama jani kama mtu anavyotazama mlango uliofungwa nyuma yake.

"Lete," akasema. Akalipokea, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa shati, ncha ikabaki nje. "Lakini huo mfereji upindishe. Unapiga mgomba wangu wa mshare kwenye shina."

Theodora akaupindisha hapohapo.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko siku ile. Mpapai wa njiani ulianguka wenyewe. Miwili mingine ikaufuata, matunda yake yakabingirika mpaka njiani, watu wakayaruka. Kila asubuhi Theodora alinibonyezesha mashina, kisha akabonyeza mwenyewe, kisha akaniuliza kama nasema kweli. Karibu na sikukuu, mpapai wa pili ulitoa jani jipya katikati, dogo, la kijani.  Theodora alikwenda ndani, akakaa muda.

Ukoo ulirudi Krismasi na ukakaa kikao siku ya tatu baadaye. Mzee Primus aliulizwa, akasema Theodora hajawahi kukosa zamu. Mtu mmoja akauliza kuhusu mfereji ng'ambo ya mpaka. Aristides akasema hiyo ilikwisha.

Theodora aliachiwa pembe mpaka afe. Hakuna karatasi, ila wote walisikia. Mipapai iliyobaki inazaa, na ameongeza mingine kwenye matuta, na magimbi mwisho wa mfereji. Aristides alijenga banda upande wa juu, ng'ombe ni wawili, na migomba yake ya chini sasa ndiyo minene kuliko yote. Mzee Primus alifariki baada ya Pasaka, na usimamizi wa mfongo ameuchukua mwanawe Jovin. Mimi niko Babati. Simu ya Theodora huja siku ya zamu yake, naye huniambia maji yamepita.