Kikombe cha Kaka

Kofi la kwanza wifi alilipokea akiwa bado ameshika trei. Keki ndogo ishirini na nne ziliruka, zikagonga sakafu ko, ko, ko, wala hazikuvunjika.

"Unasikia?" mumewe alifoka. "Mawe hayo! Miaka sita nakufundisha kuchanganya!"

La pili lilimpasua mdomo.

Dada mtu, aliyekuwa akipaka siagi mikebe kwenye kona, aliinuka. Kiwanda kile cha mikate baba yao aliwaachia wote wawili, lakini kaka ndiye aliyejifanya jogoo, na hakuna aliyepima unga ila yeye.

"Kaka, mwache. Tatizo si mkono wa wifi. Ni kikombe chako."

Alitoa kabatini mizani mpya, akaweka bakuli juu yake, akairudisha kwenye sifuri. "Pima kimoja, kama siku zote."

Kaka alicheka. Alichomeka kikombe ndani ya gunia, akashindilia kwa kiganja, akamimina. Gramu mia moja na sitini.

Dada akajaza kikombe kilekile kwa kijiko, polepole, akakwangua juu kwa mgongo wa kisu. Mia moja na ishirini.

"Katika vikombe kumi umezidisha gramu mia nne," alisema. "Mayai na maziwa ni yaleyale. Keki zisiwe mawe kwa nini?"

Wifi alizitazama namba huku damu ikimchuruzika kidevuni. "Kumbe napigwa kwa kosa lako," alimwambia mumewe.

Laiti angenyamaza. Mume alimkaba shingo, akamzamisha uso kwenye pipa la unga, akamkandamiza. Vumbi jeupe lilitimka. Dada alimvuta shati, likachanika. Akamng'ata mkono, akapigwa kiwiko kilichomng'oa jino. Miguu ya wifi, iliyokuwa ikirusha mateke, ikaanza kulegea.

Hapo dada akashika gongo la kusukumia unga. Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono uliokandamiza. Mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili lilimpata sikioni. Kaka alipepesuka, akatafuta pa kujishikia, kiganja chake kikakuta mlango wa tanuri. Alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Harufu ya nyama ikachanganyika na ya vanila.

Dada hakumtazama. Alimlaza wifi ubavu, akamwingiza vidole kinywani na kuchokoa donge la unga uliokandwa kwa damu. Wifi akakohoa. Akapumua.

Hospitalini kaka alidai kwamba wote waliteleza.

"Hakuna aliyeteleza," wifi alimwambia daktari kwa midomo iliyovimba. "Alikuwa ananiua. Andika hivyo."

Kaka alifungwa. Dada ndiye aliyetoa ushahidi, na ndugu wakamwita muuza damu yake. Hilo halikumuuma kama lingine: kwamba miaka yote makofi aliyasikia, akajisemea ya mke na mume hayaingiliwi.

Siku waliyowasha tena tanuri, alijikaza akasema, "Wifi, nisamehe. Nilikuwa palepale konani."

"Najua," wifi alijibu. "Nilikuwa nakuona."

Alivuta bakuli, akasogea kidogo mezani ili dada apate pa kusimama.