Muhuri Uliotekwa na Mtani

Yusra hajavuka hata geti la ofisi, simu ikalia. Ni shangazi yake Stara, aliyeolewa Pwani akalowea huko akilima mwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba ya nini! Mwenyekiti wa kijiji katusomea hapa kwamba ofisi yenu huko Dodoma imeona mchanga wetu umeliwa na bahari. Haupo! Tung'oe kamba zetu, ufuko apewe mwekezaji. Nami nimesimama juu yake sasa hivi, maji yananifika kifundoni. Au na mimi sipo?"

"Upo, shangazi. Hiyo aliyosoma ni rasimu, ripoti haijagongwa muhuri. Inagongwa leo."

"Basi fanya mambo, mwanangu. Tutakula nini?"

Yusra akapanda ngazi anafoka peke yake. Mkuu wake, Damas Matonya, alijipatia sifa kwa kupima kinamasi cha Bahi kwa picha za setilaiti. Bahi hujaa masika, hukauka kiangazi. Basi unachukua picha ya Septemba ya zamani na Septemba ya sasa, unalinganisha, umemaliza. Na bahari akaifanyia hivyohivyo, Septemba kwa Septemba. Saa ya maji hakuuliza. Jamani, bahari si Bahi! Bahari huondoka na kurudi kila siku, tena mara mbili, kama mke ambaye kwao ni jirani. Picha ya zamani ilipigwa maji yamekupwa, mchanga uko wazi. Ya sasa ilipigwa maji yamejaa. Mchanga utauona wapi?

Yusra alishamweleza kwa adabu zote. Akajibiwa, "Binti, mimi nimeanza kupima maji wewe hujazaliwa." Leo adabu aliiacha chini kwa mlinzi.

"Mgogo wee!" akaita mlangoni. Hilda, karani, nusura amwage chai. "Babu zako waliwatoza babu zangu hongo kwa maji ya kisima. Leo visima havikutoshi, umeivamia bahari!"

Damas akacheka. Angefanyaje? Babu zake Yusra walikuwa Wanyamwezi wa misafara waliobaki hapa mjini, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo. Mtani hukutukana, huteka mali yako, nawe ukikasirika aibu ni yako, unakomboa tu.

"Mnyamwezi, mzigo umekulemea? Utue."

"Nautua." Yusra akanyakua muhuri mezani, akautumbukiza kwenye mkoba.

Kicheko kikakatika. "Weka hapo! Huo ni wa serikali."

"Nimeteka mali ya mtani. Serikali ikija nitaisalimia. Komboa."

"Haya, soda ngapi?"

"Soda!" Sasa utani ulikuwa umebaki mdomoni tu. "Wanawake wanafukuzwa kwenye riziki yao kwa sababu setilaiti ilipita bahari ikiwa nyumbani, wewe unaniambia soda? Fungua picha ya siku maji yamekupwa. Hicho ndicho kikombozi."

Damas akamtazama Hilda amwokoe. Hilda, Mgogo wa Chamwino, akapuliza chai yake. "Mtani akiteka mali, bosi, hukombolewa. Ukinuna tutakusema mpaka Msalato."

Akafungua, kwa kununa hivyohivyo. Mchanga ukajitokeza kwenye kioo, mpana kama ulivyokuwa, na madoa meusi ya mashamba ya mwani juu yake. Damas akakohoa.

"Hii ni Septemba ipi?"

"Hiihii yako. Wiki moja baadaye."

Hakusema samahani, wakubwa neno hilo huliacha kwa wadogo. Lakini aliandika upya, na Yusra akasimama nyuma ya kiti chake, mkoba kwapani, mpaka sentensi ya kuwaondoa wakulima ilipofutika yote. Ndipo akautoa muhuri. Ukagongwa.

Akampigia shangazi, akamsimulia alivyomteka mtani. "Mmerudi kwenye ramani."

"Tumerudi?" Stara akauliza, na nyuma yake wanawake wakacheka. "Sisi hata hatukujua kama tumeondoka. Mwambie huyo mtani wako, siku nyingine akitaka kutuzamisha, aje mwenyewe na ndoo."