Kioo Mbele ya Namba Saba

Hajazaliwa mtu wa kunibana kwa maneno. Nimeshawaponyoka polisi wawili, padri mmoja, na mama yangu mzazi, ambaye ni hatari kuliko hao watatu wakiwekwa pamoja. Kwa hiyo Alhamisi ile nilipoitwa ofisini kwa Bwana Lockridge, nilikwenda nikipiga mluzi.

Bwana Lockridge ndiye mkuu wa kituo chetu. Kituo ni pale wilaya ya Amargo Wells, Texas Magharibi, inapowatupa watoto walioshindikana katika shule za kawaida, nyuma ya karakana ya mabasi. Mimi nilitupwa siku arobaini na tano kwa ngumi moja niliyompa jamaa aliyestahili mbili. Asubuhi unavua viatu, unageuza soksi nje ndani, unapekuliwa mpaka kwenye fizi, halafu unakwenda kusimama ukutani.

Ukuta ndio wenyewe. Kila mwanafunzi ana namba yake iliyopakwa rangi sakafuni. Kabla ya kuingia darasa lolote unasimama juu ya namba yako, pua ukutani, mikono nyuma, kimya. Ukigeuza shingo, unapata sifuri kwenye karatasi ya alama. Sifuri mbili katika wiki moja, unaongezewa siku. Mimi nilikuwa namba nne. Namba tano alikuwa Corbin Stallings, mrefu kama nguzo ya umeme na mwenye akili za nguzo hiyo hiyo.

Jumatano, siku moja kabla ya kuitwa, nilikuwa nimebakiza siku tatu, hiyo ikiwemo. Nikimaliza Ijumaa, Jumamosi naingia na mbuzi wangu, Sherifu, kwenye maonyesho ya mifugo ya kaunti. Aliye bado kituoni hakanyagi pale, hata kama mbuzi wake anajua kuimba. Na Sherifu nimemlea tangu ananyonya chupa; nilikuwa nalala naye zizini wakati wa baridi mpaka darasani wakawa wananikwepa kwa harufu.

Corbin alilijua hilo.

"We Cantú," alininong'oneza bila kusogeza midomo. "Ukikwama huku, mbuzi atapelekwa na nani? Mama yako? Majaji watachanganyikiwa, hawatajua kamba wamfunge yupi."

Niligeuza shingo. Nani asingegeuza?

"Evaristo Cantú, sifuri," alisema Bi. Haverkamp, mwalimu wa hesabu, kutoka mlangoni.

"Mwalimu, huyu ndiye amemtukana mama..."

"Neno jingine, ni ya pili."

Corbin alikuwa ameshaubusu ukuta kama mtakatifu kanisani.

Kipindi kilichofuata tulisimama tena. Mtungi wa kuzimia moto unaning'inia kwenye ukuta wa pili, nyuma ya migongo yetu. Askari wa kituo alikuwa mbali, anapekua begi la mtoto mgeni. Kamera ya ukumbi ilikufa tangu Krismasi na hakuna asiyejua. Watoto tisa, pua tisa ukutani. Wenyewe walikuwa wametutengenezea ukumbi usio na shahidi hata mmoja! Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, nikautwaa mtungi, nikachomoa pini kwa meno, kwa mbwembwe tu, ikanichana mdomo. Nikaitema. Nikalenga kisogo cha Corbin.

Nilipobinya mpini, mlango wa pembeni yake ukafunguka na mtu akajitokeza kati yetu.

Unga mweupe wote ulimwishia Bi. Haverkamp usoni. Aliteleza, akatanguliza mkono, na mkono ukalia kama kijiti kikavu. Mlio ule bado ninao. Niliusukuma mtungi kwa mguu ukabingirika hadi kwenye visigino vya Corbin, nami nikarudi juu ya namba nne, pua ukutani, mikono nyuma. Mwanafunzi bora.

Basi Alhamisi ofisini tulikuwa watatu: Bwana Lockridge, mama yangu aliyetoka kazini na sare yake ya jikoni, na mimi.

"Nitasema mara moja," alianza Bwana Lockridge. Hakuniangalia, alimwangalia mama kama mtu anayetazama doa kwenye shati. "Kumjeruhi mwalimu ni kosa zito. Mtoto aliyeletwa hapa kwa kosa, akafanya jingine la aina hii, simwongezei siku. Ninamfukuza. Anakwenda shule ya mahakama ya watoto, mwaka mzima. Stallings ameshakaa kwenye kiti hicho asubuhi, analia, anasema si yeye. Nawe?"

"Mimi nimemwona akifanya," nikasema.

"Umemwona. Kwa kisogo?"

Mama alinishika mkono chini ya meza. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Si kwa kisogo, bwana. Kwenye ile fremu ya kanuni za ukumbi. Ina kioo. Ukiitazama, unauona ukumbi wote nyuma yako kama televisheni. Nilikuwa najikumbusha kanuni, bwana, ndipo nikamwona Corbin anautwaa mtungi."

Jamani, nilijisikia! Uongo wenye kioo ndani yake! Nilitamani kujipigia makofi.

"Umemsikia mwanangu," mama alisema. "Mnapenda kuwaonea watoto wetu tu."

"Nimemsikia, mama." Bwana Lockridge aliandika polepole, kisha akaweka kalamu chini. "Fremu hiyo iko mbele ya namba ngapi?"

"Iko... pale mbele yetu."

"Si mbele ya nne. Mbele ya nne kuna ukuta mtupu, niliupaka rangi mwenyewe." Alinyanyuka, akafungua mlango wa ukumbini, ambako wenzangu walikuwa wamesimama ukutani. "Odalys. Ingia."

Aliingia Odalys Puente. Namba saba. Siku arobaini na tatu sikuwahi kusikia sauti yake. Mimi ndiye niliyempachika jina la Bubu, na ukumbi mzima ukalipokea kwa shangwe. Alikuwa ameshika karatasi yake ya alama, haina sifuri hata moja.

"Cantú anasema kioo cha fremu kinaonyesha watu walio nyuma," alisema Bwana Lockridge. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa," alisema Odalys. Ana sauti nzito, ya kawaida tu. "Kanuni zote kumi na nne nimeshazishika kichwani. Siku hizi natazama watu."

"Mbona jana hukusema?"

"Jana mliuliza ukumbini, tumeelekea ukuta. Ukiongea pale ni sifuri. Na nani angemsikiliza Bubu?"

Nilicheka. Sijui kwa nini. "Bwana, huyu ananichukia tu!"

"Nakuchukia, ndiyo," alisema Odalys. "Lakini pini uliichomoa kwa meno. Kama kwenye sinema. Ukaitema, halafu ukajilamba damu. Mama, mtazame mdomo."

Mama aliuachia mkono wangu. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mdomo wangu wa chini kwa muda mrefu. Jioni iliyotangulia, wakati ananipaka dawa, nilikuwa nimemwambia nimechanwa na chapati ya mahindi, tortilla iliyokauka.