Chavua za Ukoo Mmoja

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda hadi Newala kugombea korosho, Fikirini alirudi kulisafisha shamba la marehemu baba yake pale Mkunya, lililokuwa limegeuka pori. Mikorosho ikafufuka. Ilipotoa maua, kifua cha mkewe Mwanakombo kikabana.

Hayakuwa mafua ya kawaida. Macho yalimvimba, pua ikachuruzika, na pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Asubuhi moja mama mkwe wake, Bi Somoe, aliyeishi nyumba ya pili katika uwa uleule, alimkuta amejiinamia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Ugonjwa unaojua msimu wa palizi sijawahi kuuona," Bi Somoe alisema, akapita na jembe lake bila kuitikia.

Mwanakombo akapanda lori peke yake mpaka hospitali ya misheni, upande wa Masasi. Daktari Anderson alimdondoshea matone mkononi, akamchoma kidogo juu ya kila tone. Mahali pamoja pakavimba kana kwamba ameumwa na nyigu. Lilikuwa tone la maua ya mwembe.

"Vichupa hivi vinatoka ng'ambo, na cha mkorosho sina," daktari alisema. "Usikate mti wowote kwanza. Rudi na maua ya miti yote inayozunguka nyumba yako, tupime tena."

Mwanakombo alisikia vizuri. Lakini njia nzima alikuwa akiuwaza mwembe mmoja tu, ule wa uani, ambao Bi Somoe aliupanda alipoletwa pale bibi harusi. Chini yake ndipo alipoketi na majirani kumsengenya mkamwana wake, kwa sauti ya kusikika. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Daktari amesema ni mwembe. Ukibaki, nakufa."

Fikirini akachukua shoka. Bi Somoe hakulia. Alisimama karibu mno, vibanzi vikamrukia hadi kwenye kanga, na mti ulipolala chini hakumtazama mwanawe. Alimtazama Mwanakombo.

Pumzi haikufunguka. Usiku na mchana upepo ulitoka shambani na mluzi ukazidi.

"Mwembe haupo," Bi Somoe alisema akiwa amesimama mlangoni kwao. "Sasa unakufa na nini?"

"Mama, mwache apumzike," Fikirini alisema.

"Twende kwa huyo daktari sote. Anieleze mti wangu ulimkosea nini."

Wakaenda, na tawi la mkorosho lenye maua limefungwa kwenye kanga. Daktari alitengeneza tone jipya, akachoma. Mkono ukavimba vilevile.

"Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja," akaeleza. "Chavua zao, yaani lile vumbi la maua, zimefanana. Mwili ukishazoea kupigana na ya mmoja, ikija ya ndugu yake hauoni tofauti."

"Kwa hiyo na mikorosho ikatwe?" Fikirini aliuliza.

"Hapana. Ndiyo maana nilimwambia mkeo asikate mti wowote mpaka tupime."

Fikirini akamgeukia mkewe. "Alikwambia hivyo?"

Mwanakombo aliangalia sakafu. "Aliniambia."

"Shoka ulishika wewe, mwanangu," Bi Somoe alisema, "lakini aliyekata ni yeye."

Daktari akaharakisha kuendelea. Kufanana huko huko, alisema, kungeweza kuwa dawa. Chavua ya mwembe alikuwa nayo. Angemdunga kidogo kidogo, akiongeza taratibu, na mwili ukiizoea hiyo huenda ungeivumilia na ya mkorosho. Ingechukua muda mrefu, na kila akidungwa lazima akae aangaliwe, maana dawa ingeweza kumgeuka.

"Wa kwangu ameuua," Bi Somoe alisema akiinuka, "na sasa anatibiwa kwa mwembe wa watu."

Kweli dawa ilimgeuka siku moja. Midomo ilimvimba, koo likaziba, wauguzi wakamkimbilia na sindano nyingine. Fikirini alikuwepo. Alimshika mkono mpaka alipotulia, lakini hakumsemesha, wala njiani kurudi hakumsemesha. Hata hivyo Mwanakombo hakuacha kwenda. Msimu uliofuata alikohoa bado. Wa baada ya huo alipiga chafya tu, na akapalilia mpaka mwisho wa shamba.

Jioni ile alikwenda kwa Bi Somoe, akapiga magoti. "Mama, nilikudanganyia mwanao. Nisamehe."

"Umepona?"

"Nimepata nafuu."

"Wewe umedungwa sindano mpaka mwili ukakubali," Bi Somoe alisema. "Mimi sijadungwa."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwanakombo aliinuka akajipangusa magoti. Aibu aliyokuja nayo ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa hasira, na hakuona haja ya kuificha tena. Tangu siku hiyo uwa ule ulikuwa na majiko mawili badala ya moja. Fikirini alikula mchana kwa mama yake na jioni kwa mkewe, na kote kuwili alikula kimya.