Singo ya Dengu

Mtaani kwetu Laknau, huku India, mtoto akizaliwa na weusi kidogo, kila mgeni ni daktari wa ngozi. "Mpakeni singo," watasema hata kabla hawajakaa. Unga wa dengu, utando wa maziwa na manjano kidogo. Unakanda, unamsugua mtoto mpaka vinyweleo vitoke na rangi itakate. Bi Sitwat aliwalea wanawe wote hivyo, na wote wana ngozi kama siagi. Nani angemfundisha kazi?

Ila mjukuu wake, Zimal, alikuwa na ukurutu. Mashavu na mikunjo ya viwiko vilikuwa vyekundu, vimepasuka, vinatoa majimaji. Daktari alimkataza mama yake, Tabinda, kumpaka chochote isipokuwa mafuta mazito ya dawa.

"Mama, singo basi tena," Tabinda alimwambia mama mkwe wake. "Daktari kakataza."

"Nimesikia. Na yeye huyo daktari wenu mama yake alimsugua singo hiyohiyo, leo kasoma anaiona uchafu."

Tabinda akacheka, akaenda zake shuleni kufundisha. Mlango ulipofungwa, Bi Sitwat akashusha bakuli la singo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wa bibi huku kwetu huitwa mapenzi. Mtoto alilia, bibi akamwimbia, akamsuuza vizuri, akafuta sakafu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa.

Siku shangazi yake Zimal alipoposwa, nyumba ilijaa ladu, zile tamutamu za mviringo za unga na samli. Zimal alikuwa na meno mawili na uroho wa mtu mzima. Tabinda akamega ladu ya dengu, kipande kidogo kama punje ya mahindi, akamtia mdomoni huku wageni wakishangilia. Mtoto hata hajameza, midomo ikaanza kufura. Macho yakafumba. Kifua kikaanza kupiga filimbi.

Hospitalini walimchoma sindano ya paja, na baada ya muda pumzi ikarudi. Tabinda alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, ameushika mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Mkono huu, Mama," alisema. "Nimemlisha mwanangu sumu kwa mkono huu."



Daktari wa zamu akaja na kuuliza, "Alishawahi kula dengu kabla ya leo?"

"Hapana," alisema Tabinda. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Basi ajabu. Kwa kawaida mwili haugombani na mgeni siku ya kwanza. Lazima walishakutana mahali. Na mtoto mwenye ukurutu, chakula kinaweza kupitia kwenye ngozi iliyopasuka, mwili ukakifanya adui hata kabla mdomo haujakionja. Mnampaka nini?"

"Dawa tu," Tabinda alijibu haraka.

Bi Sitwat alitazama kucha zake. Manjano hayatoki kirahisi kwenye kucha. Angeweza kunyamaza tu. Mkwewe angebeba lawama za ukoo mzima, naye angebaki bibi mpendwa. Lakini alikumbuka jinsi mtoto alivyokuwa akijikunja kila alipoliona bakuli.

"Ni mimi," alisema. "Singo ya dengu. Kila siku, mama yake akishatoka. Msimlaumu huyu, hakujua kitu."

Daktari hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba dengu sasa isimguse mtoto, si mdomoni wala mwilini, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Bi Sitwat akangoja matusi. Aliyataka. Tabinda akasema bila kuinua uso:

"Nilijua, Mama."

"Ulijua nini?"

"Nikirudi kazini kichwa chake kilikuwa kinanuka manjano. Nikanyamaza. Watu walishaanza kusema mtoto anatakata, na mimi nikafurahi."

Bi Sitwat akashuka taratibu, akaketi sakafuni karibu naye. Kitandani Zimal aliamka, mashavu yangali yamevimba, akawanyooshea mikono wote wawili ili abebwe. Wakatazamana, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kumgusa.